Masizi kwenye injini ya lori: tafuta chanzo kwanza, kisha safisha

Lori likipanda mlima Kitonga na kuacha wingu jeusi nyuma yake, walio nyuma hufunga vioo na kulalamika. Anayestahili kulalamika kuliko wote ni mwenye lori, maana lile wingu ni dizeli aliyoilipia na haikumsogeza hata hatua moja. Tena kinachotoka nje ni sehemu tu. Kingine kinabaki ndani: kwenye ncha za nozeli zinazonyunyiza dizeli, juu ya pistoni, kwenye mifereji ya ringi za pistoni, mgongoni mwa valvu, ndani ya turbo inayosukuma hewa kwenye injini. Hicho ndicho mafundi tunachokiita kaboni.

Nimefungua hedi nyingi, yaani vichwa vya injini, za Scania, za Fuso, za Howo, na kila mara nakuta jambo lilelile. Kaboni haiji yenyewe. Kuna kitu kimeileta, na kitu hicho mara nyingi kiko mbali na pale ilipogandia. Ukiikwangua ukaacha chanzo chake, baada ya miezi michache unafungua tena injini ileile, na mwenye gari analipa gasketi mara ya pili. Ndiyo maana kazi ya kusafisha nimeiweka nusu ya pili ya mwongozo huu.

Masizi yanatoka wapi

Lita moja ya dizeli ili iungue yote inahitaji takribani kilo 12 za hewa. Ukiwa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, hiyo ni karibu mita 10 za ujazo. Ukifika Mafinga, ambako ni juu na hewa ni nyepesi, unahitaji karibu mita 12 kupata uzito uleule. Turbo husaidia kuziba pengo hilo, lakini kama filta imeziba au hozi ya intakula (kipoza hewa kati ya turbo na injini) ina ufa, injini iliyokuwa inavumilia huku Chalinze itaanza kutoa moshi mweusi kuanzia Ilula.

Sababu ya kwanza, basi, ni hewa pungufu. Ya pili ni ubaridi: chumba cha kuunguzia kisipopata joto la kutosha, dizeli haiungui yote, inabaki kama utomvu unaonata na kukamata masizi. Ya tatu ni nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza ukungu. Ya nne ni oili inayopita mahali isipotakiwa, iwe kwenye ringi, kwenye sili za valvu au kwenye turbo. Karibu kila injini iliyojaa kaboni niliyoiona ilikuwa na mojawapo ya haya manne, na nyingi zilikuwa na mawili kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: soma moshi kabla ya kushika spana

Washa injini ikiwa imelala usiku kucha, angalia. Ipashe joto, angalia tena. Kisha ipeleke barabarani ikiwa na mzigo.

Moshi mweusi wakati wa kuvuta maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa iliyopo. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe wakati wa asubuhi, wenye harufu kali ya dizeli na unaochoma macho, ni mafuta yanayotoka bila kuungua. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, shuku nozeli, taimingi (wakati wa kuingiza mafuta) au kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda). Moshi mweupe mzito huku rejeta ikipungua maji ni habari nyingine kabisa, na hapo usipoteze muda kufikiria kaboni.

Muulize dereva maswali haya: gari limepoteza nguvu ghafla au kidogo kidogo? Ulaji wa mafuta umepanda kiasi gani kwa safari ileile na mzigo uleule? Kaboni huja taratibu. Nguvu zikipotea siku moja, kwanza tafuta hozi iliyochomoka.

Hatua ya pili: hewa

Anza na filta ya hewa. Malori mengi yana kipimo kidogo kwenye nyumba ya filta ambacho hugeuka rangi nyekundu mvuto ukizidi. Kama kipo na kinafanya kazi, kiamini. Kama kimevunjika, kinunue, bei yake ni ndogo ukilinganisha na turbo.

Tabia ya kupuliza filta kwa kampresa kila inapochafuka ina madhara. Upepo mkali hutoboa karatasi kwa vitundu usivyoviona kwa macho, na vumbi la barabara ya changarawe likipita hapo husaga silinda na ringi. Ringi zikishalegea, oili inapanda, na kaboni inafuata. Ukilazimika kupuliza ukiwa safarini, tumia presha ndogo, isizidi baa 2, na puliza kutoka ndani kwenda nje. Kisha ingiza taa ndani ya filta gizani: ukiona mwanga unapenya kwa nukta, itupe. Ile filta ndogo ya ndani haipulizwi kamwe, inabadilishwa tu.

Kisha fuata njia ya hewa kutoka turbo hadi intakula hadi kwenye injini. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, mwenzako apandishe resi, utaona mapovu panapovuja. Angalia pia alama za mafuta meusi kwenye klempu, maana hewa inayovuja hubeba unyevu wa oili na kuuchora pale pale. Nakumbuka semi moja iliyozungushwa gereji tatu, nozeli zote sita zikabadilishwa, na tatizo likaja kuonekana kwenye ufa wa sentimita nne chini ya hozi ya intakula, upande ambao hauonekani mpaka ulale chini ya gari. Mwenye gari alikuwa ameshauza kiwanja kulipia ukarabati. Mpaka leo naanza na maji ya sabuni.

Hatua ya tatu: joto, na hapa ndipo tunapokosea sana

Huku kwetu kuna desturi ya kutoa themostati. Gari likichemsha mara moja mlimani, fundi anaichomoa na kusema nchi yetu ni ya joto, kile kifaa ni cha Wazungu na theluji yao. Naliomba kila gereji liache kusema hivyo. Themostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake la kazi, na nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 85. Ukiitoa, injini inaweza kutembea usiku kucha kwenye baridi ya Makambako ikiwa nyuzi 60. Pistoni hazitanuki zikafikia kipimo chake, ringi hazizibi sawasawa, dizeli inateleza kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Baada ya mwaka unafungua hedi unakuta tope jeusi.

Kama injini inachemsha, tafuta sababu: rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, pampu ya maji, mfuniko wa rejeta uliochoka, gasketi ya hedi. Kama themostati yenyewe imekufa, weka mpya. Kuijaribu ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, chemsha, uone inafunguka kwenye nyuzi ngapi. Namba yake kwa kawaida imegongwa kwenye chuma chake.

Jambo la pili ni kuacha injini ikinguruma gari limesimama. Najua kwa nini madereva wanafanya hivyo. Foleni ya mpakani Tunduma inaweza kuchukua siku, usiku kule ni baridi, upepo wa breki unashuka, betri ni mbovu na unaogopa gari lisije likagoma kuwaka zamu yako ikifika. Lakini lori kubwa likinguruma bure linakunywa lita 2 hadi 4 kwa saa, na hali hiyo ndiyo inayotengeneza kaboni kuliko nyingine yoyote, kwa sababu mafuta ni machache, joto la chumba liko chini na turbo haizunguki vya kutosha kusukuma hewa. Unyevu mweusi unaotiririka kwenye viungo vya ekzosi baada ya foleni ndefu ni dizeli na oili visivyoungua.

Zima injini kama kusimama kutazidi dakika tano hivi. Kama umetoka kupanda mlima, iache ingurume dakika mbili au tatu kwanza ili turbo ipoe, kisha zima. Mwenye gari naye atimize wajibu wake: anunue betri nzima na azibe uvujaji wa upepo, ili dereva asiwe na sababu ya kuogopa kuzima.

La tatu ni uvutaji. Dereva anayepanda mlima kwa gia kubwa, injini ikilia kwa uchungu kwenye mizunguko 900 kwa dakika huku mguu umekandamiza mafuta mpaka chini, anaingiza mafuta mengi wakati turbo haijaleta hewa ya kuyatosha. Shusha gia mapema. Injini nyingi za malori ya masafa marefu huvuta vizuri kati ya mizunguko 1,100 na 1,500, na kwenye dashibodi kuna ukanda wa kijani unaoonyesha hivyo. Usidanganyike kwamba resi ya chini daima ni kubana mafuta.

Hatua ya nne: mafuta na nozeli

Dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa ilikuwa janga kubwa Tanzania mpaka serikali ilipopandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili faida ya uchakachuaji iondoke. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, nayo ilianzisha kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali, kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochakachuliwa. Bado mafuta ya madumu ya kando ya barabara yapo, na hayana anayeyapima. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyofanya. Sindano ya nozeli inakwaruzika, haifungi tena vizuri, inaanza kudondosha. Kila tone linalodondoka baada ya muda wake linaungua nusu na kugeuka ganda kwenye ncha. Ganda hilo linapotosha mnyunyizo, mnyunyizo mbovu unaongeza ganda.

Maji ni adui wa namna hiyohiyo. Fungua koki ya kichujio cha kutenganisha maji kila asubuhi mpaka itoke dizeli tupu, na badilisha filta za mafuta kwa wakati.

Nozeli zipelekwe kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Unataka kujua mambo matatu: inafunguka kwenye presha sahihi, inanyunyiza ukungu sawa pande zote, na haidondoshi ikifungwa. Kwenye injini za kisasa zenye reli moja ya mafuta, presha hupita baa 1,600. Usifungue bomba injini ikiwaka, na usitafute uvujaji kwa kidole. Mnyunyizo wa presha hiyo unapenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la mwiba linaweza kumfanya mtu akatwe mkono. Likitokea, ni hospitali saa ileile hata kama haumi.

Wakati nozeli ziko nje, seti tapeti, yaani nafasi za valvu. Valvu isiyofunguka vya kutosha inainyima injini hewa, na ile isiyofunga vizuri inapoteza kompresheni.

Oili, kwa ufupi

Oili ya dizeli kuwa nyeusi siku chache baada ya kubadilishwa si kosa, ina maana inabeba masizi kama inavyotakiwa. Kosa ni kuiacha mpaka ishindwe kuyabeba. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, CI-4 au CK-4 kwa mfano, na punguza kilomita za kubadilisha kama gari linakaa sana kwenye foleni. Kijiti cha oili kikionyesha imepanda badala ya kushuka, na inanuka dizeli, usiendelee na safari.

Hatua ya tano: kusafisha bila kufungua

Kama kaboni haijawa nyingi na chanzo kimeshatengenezwa, barabara yenyewe inasafisha. Gari likiwa na mzigo halali na injini imepata moto kamili, livute kwenye mwinuko mrefu kwa gia ya chini kidogo, mizunguko 1,500 hadi 1,800, kwa dakika 20 au 30, ukiangalia geji ya joto na ya oili muda wote. Joto la ekzosi linapopanda, masizi laini huungua na kutoka. Utaona moshi mwingi mwanzoni kisha unapungua.

Kabla ya kufanya hivyo, chomoa hozi ya chini ya intakula. Ukikuta dimbwi la oili ndani, acha. Injini ya dizeli inaweza kuinyonya oili hiyo na kuiunguza kama mafuta, ikapanda resi yenyewe, na ufunguo ukizimwa isizime. Wakati huo kinachoizima ni kuikata hewa kwa ubao mzito au bamba la chuma mdomoni mwa bomba la kuvutia, kamwe si kwa mkono wala kitambaa.

Dawa za kusafishia nozeli zinazowekwa kwenye tenki zinasaidia ganda jepesi la kwenye ncha. Haziondoi kaboni iliyoshika ringi, hata muuzaji akuambie nini. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Usimwage petroli kwenye dizeli, na usinyunyize dawa ya kopo kwenye bomba la hewa injini ikiwaka, kwa sababu ileile ya injini kupanda yenyewe.

Hatua ya sita: manifoldi, EGR na turbo

Malori yaliyotumika kutoka Ulaya yamejaa barabarani kwetu, na mengi, kama Scania za 420 za Euro 4 (daraja la Ulaya la usafi wa moshi), yana EGR, yaani mfumo unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza sumu. Masizi ya moshi huo yakikutana na mvuke wa oili yanatengeneza ganda kwenye manifoldi ya hewa, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Nimeona tundu la upana wa ngumi likibaki upana wa vidole viwili.

Zima injini, ipoe, chomoa nyaya za betri. Piga picha kila waya na hozi kabla ya kuchomoa. Fungua valvu ya EGR, kisha manifoldi, na papo hapo ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi. Hesabu vitambaa, uvihesabu tena unapofunga. Kwangua kwa kijiti cha mbao au plastiki. Loweka manifoldi kwenye dawa ya kuyeyusha kaboni, au kwenye dizeli usiku mzima kisha sugua kwa brashi ya nailoni na maji ya moto yenye sabuni, suuza, kausha kabisa. Sehemu ya umeme ya valvu isilowe. Safisha upande wa moshi tu kwa dawa ya kopo na brashi.

Kostiki soda usiitumie. Inasafisha chuma vizuri, lakini aluminiamu inaliwa nayo na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Manifoldi na nyumba za turbo za upande wa hewa nyingi ni aluminiamu.

Kwa kupoza moshi wa EGR kuna rejeta yake ndogo. Ipime kwa presha ya hewa ndani ya maji kabla ya kuirudisha. Kama inatoa mapovu, ndiyo iliyokuwa ikila maji yako.

Turbo zenye mabawa yanayojigeuza hukwama kwa masizi. Sukuma mkono wake. Unatakiwa uende na kurudi bila kukwaruza. Ukikwama, mpe fundi wa turbo, kwa sababu kulifungua na kulifunga bila kulipima balansi ni kulimaliza.

Vaa barakoa na glavu kwa kazi yote hii, na lowesha masizi kabla ya kuyakwangua yasipeperuke. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vijana wetu wa gereji wanayapuliza masizi kwa kampresa wakiwa wameinama juu yake. Tuwakataze.

Hatua ya saba: kufungua hedi

Fikia hapa kama kompresheni iko chini, oili inaliwa, na upumuaji wa injini kwenye mfuniko wa oili ni mkali. Ringi zilizogandia hazirudi kwa dawa.

Hedi ikitoka, ikaguliwe kama imepinda au ina ufa. Valvu zitolewe, zisafishwe na kusagwa, sili zake ziwe mpya. Pistoni za aluminiamu usizikwangue kwa bisibisi. Mfereji wa ringi una kipimo chake, ukiuchimba umeharibu pistoni. Loweka, kisha tumia kifaa cha mifereji au kipande cha ringi ya zamani kwa uangalifu.

Usitumie msasa juu ya bloku. Chembe zake huingia kwenye njia za oili na kusaga beringi, na injini iliyopendeza kwa macho inagonga kabla haijafika Morogoro. Gasketi mpya, boliti kwa mpangilio na nguvu zilizoandikwa na mtengenezaji, kwa spana ya kupimia.

Malori ya Euro 6

Haya yana chujio la masizi kwenye ekzosi linalojichoma lenyewe, kwa nyuzi 550 hadi 600 linapojisafisha kwa nguvu. Yameundwa kwa dizeli ya Ulaya yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa 50. Taa yake ikiwaka, mwache dereva amalize mchakato wa kujisafisha mahali palipo wazi, mbali na nyasi kavu. Usilioshe kwa mashine ya maji ya presha, kauri yake inapasuka.

Baada ya kufunga

Badilisha oili na filta siku hiyo, kisha tena baada ya kilomita 1,000, kwa sababu masizi uliyoyalegeza yote yameingia humo. Futa kumbukumbu za makosa kwa kompyuta ya kupimia. Peleka gari na mzigo, andika lita zilizotumika kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, na joto la injini lililosomeka usiku ukipita Makambako. Likirudi, chomoa tena hozi ya intakula uingize kidole: ukikuta unyevu mwembamba tu, funga.